Faiba kando ya bomba: biashara ya kugundua uvujaji mapema

Auderghem, mojawapo ya manispaa 19 za Brussels, ndiko ziliko ofisi za Concawe, taasisi ya wasafishaji mafuta wa Ulaya iliyoanzishwa mwaka 1963 kushughulikia masuala ya mazingira. Tangu mwaka 1971 inakusanya taarifa za uvujaji wa mabomba ya mafuta na kuzichapisha. Ripoti zake zinaonyesha kwamba mara nyingi wapita njia ndio wanaogundua uvujaji, na kwamba katika miaka ya 2010 wizi wa mafuta ulizidi mno.

Pengo hilo la ugunduzi ndilo soko la vihisi vya faiba. Waya wa faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, hulazwa kando ya bomba, na mashine iliyo kituoni hurusha mapigo ya leza ndani yake. Kila sehemu ya kioo hurudisha mwanga kidogo. Kwa kuwa mwanga husafiri humo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, muda wa kurudi hutaja mahali. Uwiano wa rangi za mwanga huo huonyesha joto. Mabadiliko ya mwangwi wake huonyesha mtikisiko, hata wa mtu anayechimba juu ya bomba. Vipo pia vihisi vya kemikali, ambavyo utando wake huvimba ukiguswa na mafuta. Njiani hapahitajiki umeme, hivyo hakuna cheche ya kuwasha moto.

Kwetu Afrika Mashariki, mteja mkubwa ni bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hivyo lazima yasafirishwe yakiwa moto, zaidi ya nyuzi joto 50. Yakivuja, udongo hupata joto, na faiba iliyofukiwa pamoja na bomba huhisi.

Kioo chenyewe ni rahisi. Fedha nyingi huenda kwenye mashine za kusoma, programu na wataalamu wa kutafsiri ishara. Vyuo vyetu vikilala, kazi hiyo itafanywa na wageni kwa miaka yote ya bomba.

Mitambo peke yake haitoshi. Kama Concawe, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa Tanzania, na Mamlaka ya Petroli ya Uganda zichapishe kila mwaka, kwa Kiswahili, kila uvujaji, chanzo chake na nani aliyeugundua. Mkulima ambaye bomba limepita shambani kwake ana haki ya kujua kinachotokea chini ya ardhi yake.