Nyumba Iliyojaa Vitu na Mwili Usio na Nguvu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya maradhi na dawa. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya uvungu wa kitanda, njia ya kwenda chooni na makorokoro yaliyorundikana pembeni mwa chumba. Huenda mtajiuliza mambo hayo yanahusiana vipi na afya. Nasi zamani tulifikiri hayahusiani, mpaka tulipofundishwa na mama mmoja wa Kendwa.

Mama huyo ni mjane, umri wake umepita miaka 65, na ana ugonjwa wa moyo. Alilazwa katika wodi yetu akiwa amevimba miguu, na hakuweza kulala chali kwa kukosa pumzi. Alipopata nafuu tulimruhusu, tukampa dawa zake na kumwambia maneno tunayowaambia wote: "Punguza chumvi, meza dawa, pumzika." Hazikupita wiki tatu akarudishwa, safari hii amevunjika kifundo cha mkono. Usiku aliamka kwenda haja ndogo, kama ilivyo kawaida ya mtu anayetumia dawa ya kukojoza. Akajikwaa kwenye dumu la maji lililokuwa karibu na mlango, akaanguka.

Tulipomtembelea nyumbani ndipo tulipoelewa. Ni nyumba ya vyumba viwili, ukumbi mdogo na ua. Chumba anacholala kilikuwa na kitanda, kabati lisilofungika, masanduku matatu, polo la nguo za watoto ambao sasa ni watu wazima, masufuria makubwa ya biashara ya chakula aliyoiacha alipoanza kuugua, na nyavu na madema ya marehemu mume wake. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilimbidi apite upande upande. Sisi tulimwambia apumzike, lakini hatukumwuliza anapumzika wapi. Kosa hilo lilikuwa letu.

KWA NINI VITU HURUNDIKANA

Wengine wakiona nyumba ya namna hiyo husema mwenyewe ni mvivu. Si haki kusema hivyo. Mtu mwenye moyo dhaifu, upungufu wa damu, pumu, kifua kikuu, kisukari au maumivu ya viungo ana akiba ndogo ya nguvu. Akishatumia nguvu hizo kupika, kuoga na kufua nguo mbili, hakuna kinachobaki. Nguo iliyoanuliwa huwekwa juu ya kiti mpaka kesho, na kesho huja na kazi zake. Aidha, ugonjwa wenyewe huleta vitu: madumu ya maji ya akiba kwa kuwa hawezi kuchota kila siku, chupa za dawa, mablanketi, na zawadi za wanaokuja kumjulia hali.

Ipo pia sababu ya moyoni. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na nguo. Siku zile walijifunza kwamba kopo tupu ni mali. Tusiwacheke wazee wetu wanaposita kulitupa.

Mtoto wa kiume wa mama huyu, ambaye anafanya kazi hotelini, alikuja siku yake ya mapumziko na gari la kukodi. Alikusudia kubeba kila kitu kwa mara moja. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mama alikaa juu ya sanduku akalia, akasema, "Mnagawana mirathi nami ningali hai." Tulipompima, presha yake ilikuwa juu kuliko siku zote. Gari liliondoka tupu.

Hapo tulijifunza jambo kubwa tunalotaka mlishike: katika kazi hii mgonjwa ndiye mwenye kuamua, na wenye afya ndio mikono. Tukizigeuza sehemu hizi mbili, tukamwacha mgonjwa abebe au tukaamua bila yeye, tunamdhuru.

ANZENI NA NJIA, MSIANZE NA KABATI

Watu wengi huanza na kabati au masanduku. Humwaga vitu vyote sakafuni, nguvu zinakwisha, na usiku mgonjwa hukuta hatari kubwa kuliko ya mwanzo. Yafaa kuanza hivi:

1. Njia ya kutoka kitandani hadi chooni. Iwe pana kiasi cha watu wawili kupita sambamba, mgonjwa na anayemshika mkono. Ondoeni madumu, viatu, waya na mkeka uliojikunja ncha. Wekeni tochi mahali mkono unapofika bila kuinuka.

2. Pembeni mwa kitanda. Vitu vikibanana na kitanda, chandarua hakichomekwi vizuri, na kikigusana na masanduku huchanika. Unguja imepunguza malaria sana tangu dawa mseto zilipoanza kutumika mwaka 2003, na baadaye vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani. Lakini malaria haijaisha, na mwili ulio dhaifu haustahili kuongezewa homa.

3. Sakafu. Mwenye kisukari huweza kupata ganzi miguuni. Huweza kukanyaga msumari, kipande cha chupa au ndoana asihisi kitu, na kidonda kikaonekana kimeshaoza. Katika nyumba za wavuvi tumeziona ndoana mpaka chini ya mkeka.

4. Vitu vya kila siku. Kikombe, sufuria ndogo, chumvi, nguo za kubadili na dawa viwekwe kati ya kiuno na bega, ili mgonjwa asiiname wala asipande kigoda. Kuinama na kuinuka ghafla humletea kizunguzungu anayetumia dawa za presha.

Mambo haya manne yakikamilika, hata kama kabati bado limejaa, nyumba imeshakuwa salama zaidi.

MFUKO WA DAWA

Chini ya mto wa mama yule tulikuta mifuko miwili ya plastiki iliyojaa dawa. Mlikuwamo vidonge vya miaka iliyopita, dawa za marehemu mumewe, na pakiti mbili za dawa ya kukojoza kutoka vituo viwili tofauti. Pakiti zilikuwa na rangi tofauti na majina tofauti ya kibiashara, lakini dawa ni ile ile. Yeye alikuwa akimeza zote mbili, akidhani moja ni ya moyo na nyingine ni ya miguu. Labda hata kizunguzungu cha usiku ule kilitokana na hilo.

Kwa hiyo baada ya njia, kazi ya pili ni dawa. Kusanyeni zote, mziweke katika kikapu kimoja, mzipeleke hospitali au kituo cha afya pamoja na kadi ya mgonjwa. Mwuguzi au mfamasia atazichambua. Msiamue wenyewe ipi iachwe. Zilizokwisha muda zirudisheni huko huko. Msizitupe shimoni wala jaani ambapo watoto huchezea, na msimpe jirani kwa kuwa anaumwa kama nyinyi. Vilevile tazameni mafuta ya taa. Yakiwa ndani ya chupa ya soda, mtoto atayanywa. Ikitokea hivyo, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

ROBO SAA KWA SIKU

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba kibaba huweza pia kupunguzwa. Mama yule tulimpangia robo saa tu kwa siku, naye mjukuu wake wa miaka 12 akawa mikono yake. Utaratibu ulikuwa huu:

Saa ya kazi ni asubuhi kabla jua halijawa kali, au alasiri baada ya kupumzika. Mwenye dawa ya kukojoza angoje mpaka kasi yake ipungue. Mwenye kisukari asianze kabla ya kula.

Mgonjwa hukaa kwenye kiti chenye egemeo. Mjukuu humletea vitu vya sanduku moja au rafu moja tu, kimoja kimoja, naye huelekeza: kinabaki, kinatolewa, au bado sijaamua. Vya "bado" huingia kikapu kimoja kuangaliwa tena baada ya mwezi. Hakuna kulazimishana.

Vya kutolewa hutoka nyumbani siku ile ile. Vikilala mlangoni, kesho vitarudi ndani.

Kizito kisiinuliwe na mgonjwa. Mwenye afya akivute juu ya gunia. Kufagia kwafaa kufanywa na mtu mwingine baada ya kunyunyiza maji, na mwenye pumu au kifua akae nje mpaka vumbi litulie. Plastiki isichomwe uani, maana moshi wake hubana kifua.

Kipimo cha nguvu ni maneno. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi katikati, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Na ikiwa kesho yake ameamka amechoka kuliko kawaida, robo saa ile ilikuwa nyingi. Ifanywe dakika tano. Siku mbaya asifanye kitu, na asione haya.

Kazi iachwe na mgonjwa awahishwe hospitali akipata maumivu ya kifua, pumzi kukatika hata akiwa amekaa, kuzimia, mdomo kwenda upande, udhaifu wa ghafla wa mkono au mguu, au kukohoa damu. Akiona miguu inavimba zaidi au hawezi tena kulala bila mito mingi, naye aende bila kungoja siku ya kliniki.

UANI NAKO

Vifuu, makopo, matairi na ndoo mbovu hukusanya maji ya mvua. Katika maji safi kama hayo huzaliana mbu mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Ndiye aenezaye homa ya dengi, ambayo ilisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ndiye pia aenezaye chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Daktari Marion Robinson aliuandikia taarifa mwaka 1955. Jina lake limetoka katika Kimakonde na maana yake ni kupindika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Maumivu hayo huweza kudumu miezi, na mzee aliyedhoofika huyapata kwa ukali zaidi.

Basi uani toeni kwanza kila kinachoshika maji. Madumu na mapipa ya akiba tunayahitaji, ila yafunikwe vizuri, na kila wiki yasuguliwe kuta za ndani, kwa sababu mayai ya mbu huyu hugandia ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi. Kazi hii ni ya vijana wa nyumba, mgonjwa asiifanye.

VITU VYA MAREHEMU

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya mikono. Ilikuwa nyavu na madema. Mama yule aliviruka wiki nne, nasi tukamwacha. Wiki ya tano akasema mwenyewe, "Wanangu, nyavu hizi zinaoza, naye alichukia wavu kuoza." Akamwita mpwa wa mumewe, ambaye bado anavua, akampa kwa mkono wake. Dema moja akasema libaki. Sasa linaning'inia uani, juu, mahali ambapo halimkwazi mtu.

Masufuria makubwa aliikabidhi jumuiya, yatumike katika shughuli za harusi na misiba, naye hupewa taarifa kila yanapotoka. Nguo za watoto zilitolewa, isipokuwa kanzu moja ya ubatizo. Tuliona kwamba kumbe kutoa si shida. Shida ni kutolewa vitu vyako na mtu ambaye hakukuuliza.

NENO KWA JAMAA NA MAJIRANI

Huko Kendwa jirani zake Waislamu na wanajumuiya wenzake walipeana zamu: mmoja maji, mmoja kufagia, mmoja kupeleka taka. Hakuna aliyechoka. Nasi twawaomba ninyi mnaowatembelea wagonjwa: pamoja na sala na machungwa, ulizeni, "Leo nikubebee kitu gani nje?" Mkijibiwa hakuna, kaeni, zungumzeni, mwulize tena wiki ijayo.

Moyo wa mama yule haujapona, na pengine hautapona. Bado anakuja kliniki kila mwezi, na mfuko wake wa dawa sasa ni mmoja. Lakini hajaanguka tena, na usiku huenda chooni na kurudi bila kumwamsha mtu. Kwake yeye hilo ni jambo kubwa kuliko tulivyodhani.

Usiku wa leo, kabla hamjalala, tembeeni polepole kutoka kitanda cha mgonjwa wenu hadi chooni. Kila kitu mtakachogusa kwa mguu, kiondoeni kesho asubuhi. Kwa mwezi huu hiyo yatosha.