Mjadala wa mabondia wa zama tofauti

Mjadala wa mabondia wa zama tofauti ni mazungumzo ya wapenzi wa ngumi kuhusu nani angeshinda iwapo mabondia wawili waliocheza katika miaka tofauti wangepandishwa kwenye ulingo mmoja. Duniani maswali yanayojulikana zaidi ni ya uzito wa juu, kama vile Muhammad Ali dhidi ya Joe Louis, au Rocky Marciano dhidi ya Mike Tyson. Afrika Mashariki nayo ina maswali yake, kama vile Rashid Matumla dhidi ya Hassan Mwakinyo, au Mwakinyo dhidi ya Mganda Ayub Kalule.

Mazungumzo haya husikika vijiweni, kwa vinyozi na kwenye vibanda vya kuonyeshea mapambano, katika miji mikubwa na hata katika miji midogo ya barabara kuu kama Shelui, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Hakuna jibu la hakika, kwa kuwa pambano lenyewe haliwezi kufanyika. Hata hivyo majibu yote hayalingani. Yapo yanayosimama juu ya ushahidi, na yapo ya ushabiki mtupu. Tofauti kati ya hayo mawili hutegemea jinsi swali lilivyoulizwa na ushahidi uliopo.

Masharti ya swali

Kabla ya kutaja mshindi ni lazima kukubaliana juu ya mambo manne.

La kwanza ni umri. Watu wengi hukubali kwamba kila bondia achukuliwe akiwa katika ubora wake. Ali wa mwaka 1966 si Ali wa mwaka 1980.

La pili ni uzito. Ngumi za kulipwa zilikuwa na madaraja manane tu ya uzito kwa miaka mingi. Leo yako 17 au zaidi. Marciano, bingwa wa uzito wa juu kuanzia 1952 hadi 1956, alipigana akiwa na kilo 84 hivi. Kwa uzito huo leo angepangwa daraja la chini yake, ambalo mwisho wake ni kilo 90.7. Tyson Fury wa Uingereza amepanda ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 120. Kusema kwamba wote wawili ni wa "uzito wa juu" hakutoshi kuwaweka pamoja.

La tatu ni sheria za mchezo. Mwaka 1915 mjini Havana, pambano la Jack Johnson na Jess Willard lilipangwa kuwa la raundi 45, na likaisha katika raundi ya 26. Baadaye mapambano ya ubingwa wa dunia yalikuwa ya raundi 15. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alifariki baada ya kupigana na Ray Mancini huko Las Vegas. Baada ya kifo hicho shirika la WBC lilipunguza raundi kuwa 12, na mashirika mengine yakafuata. Bondia aliyezoea kuhifadhi nguvu kwa ajili ya raundi ya 13 hadi ya 15 angepoteza silaha yake katika pambano la leo. Na bondia wa leo angeingia mahali asipopajua.

La nne ni siku ya kupima uzito. Zamani mabondia walipimwa siku ile ile ya pambano. Siku hizi kwa kawaida hupimwa siku moja kabla, kwa hiyo bondia hujinyima, hupima, kisha hula na kunywa na kuongeza kilo kadhaa. Kilo zilizoandikwa kwenye rekodi za zama mbili zinaweza kulingana bila miili kulingana ulingoni.

Kosa la mnyororo

Hoja inayotumika sana ni hii: A alimpiga B, B alimpiga C, kwa hiyo A angempiga C. Katika hesabu hoja hiyo ni sahihi. Kama tano ni kubwa kuliko nne, na nne ni kubwa kuliko tatu, basi tano ni kubwa kuliko tatu. Katika ngumi haifanyi kazi.

Mfano ulio wazi unatoka miaka ya 1970. Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi mwaka 1971. Mwaka 1973 George Foreman alimwangusha Frazier mara sita na kummaliza katika raundi ya pili. Mwaka huohuo Ken Norton alimshinda Ali, na Machi 1974 Foreman akammaliza Norton naye katika raundi ya pili. Kwa hoja ya mnyororo, Ali hakuwa na nafasi yoyote mbele ya Foreman. Lakini tarehe 30 Oktoba 1974 huko Kinshasa, Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane.

Sababu ni kwamba mtindo wa bondia hukutana na mtindo wa mpinzani. Frazier alikuwa akisonga mbele akiinama, na hivyo kuingia kwenye ngumi nzito za Foreman. Ali alijua kukaa mbali, kujikinga na kungoja. Kwa hiyo swali linalofaa ni kama mtindo wa bondia huyu unauumiza mtindo wa yule. Ubora wa jumla peke yake hauamui.

Kompyuta ilipoulizwa

Mwaka 1967 mtangazaji wa Marekani Murray Woroner aliendesha redioni mashindano ya kubuni ya mabondia 16 wa uzito wa juu wa zama zote, akitumia kompyuta. Wataalamu wa ngumi waliulizwa juu ya kasi, nguvu, ustahimilivu na sifa nyingine za kila bondia, na maoni yao yakaingizwa kwenye mashine. Marciano akawa bingwa kwa kumshinda Jack Dempsey katika fainali. Ali alitolewa mapema na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzo wa karne ya 20.

Ali, ambaye wakati huo alikuwa amepokonywa ubingwa kwa kukataa kuingia jeshini, alifungua kesi akidai fidia ya dola milioni moja kwa kuharibiwa jina. Suala hilo lilimalizwa kwa makubaliano ya kutengeneza filamu. Mwaka 1969 Ali na Marciano walijifungia studio huko Miami, wakarekodi raundi fupi nyingi zenye miisho mbalimbali. Marciano alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, kabla ya filamu kuonyeshwa. Tarehe 20 Januari 1970 watazamaji wa Marekani waliona Marciano akishinda kwa nokauti katika raundi ya 13. Katika toleo lililoonyeshwa Ulaya, Ali alishinda.

Mashine hiyo haikugundua jambo jipya. Ilirudisha maoni ya watu walioilisha. Michezo ya kompyuta ya leo inayopambanisha mabondia wa zamani na wa sasa hufanya kazi kwa msingi huohuo. Kila bondia amepewa alama na mtu fulani kabla ya mchezo kuanza.

Mfano wa Afrika Mashariki: uzani wa super welter

Afrika Mashariki imetoa mabondia kadhaa wa zama tofauti waliopigana katika uzani mmoja, ule unaoishia pauni 154, yaani takriban kilo 69.9. Kwa hiyo sharti la uzito linatimia bila kubuni chochote.

Ayub Kalule wa Uganda, mpiganaji wa mkono wa kushoto, alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1974. Mwaka 1979 alichukua ubingwa wa dunia wa WBA kwa kumshinda Masashi Kudo huko Japani. Hakuwa amepoteza pambano lolote la kulipwa mpaka Juni 1981, aliposimamishwa na Sugar Ray Leonard katika raundi ya tisa.

John Mugabi, pia wa Uganda, alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alipokutana na Marvin Hagler mwaka 1986, mapambano yake yote ya kulipwa alikuwa ameyashinda kwa nokauti. Alipanda uzito wa kati kumfuata Hagler, akapigwa katika raundi ya 11. Mwaka 1989 alipata mkanda wa WBC katika raundi ya kwanza.

Rashid Matumla wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1968 na kujulikana kama "Snake Man", alishika ubingwa wa WBU. Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018. Septemba 2022 alisimamishwa na Liam Smith katika raundi ya nne mjini Liverpool.

Ukipima kwa ubora wa wapinzani, Kalule ana ushahidi mzito kuliko wengine, kwani alifika raundi ya tisa na Leonard, mmoja wa mabondia bora wa karne ya 20. Ukipima kwa nguvu ya ngumi za mwanzo, Mugabi anatangulia. Lakini hata rekodi ina mitego. Ushindi wa Mugabi wa mwaka 1989 ulitokea baada ya mpinzani wake, René Jacquot, kuteguka kifundo cha mguu. Anayesoma namba tu ataona nokauti ya raundi ya kwanza. Mikanda nayo hailingani, kwa sababu mashirika ya ngumi ni mengi, na mkanda wa WBU haukuwa na hadhi ya ule wa WBA au WBC.

Ushahidi usio sawa

Tatizo kubwa la mjadala huu ni kwamba mabondia hawakuacha kumbukumbu sawa. Pambano la Mwakinyo huko Birmingham linaweza kutazamwa kwenye simu. Titus Simba wa Tanzania alipata medali ya fedha ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Katika fainali alishindwa na Mwingereza John Conteh, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC. Lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Wengi walimjua Simba kwa kusikiliza redio na kusoma magazeti.

Matokeo yake ni kwamba anayeonekana hushinda mjadala, na asiyeonekana hatajwi kabisa. Kijana asiyepata kusikia jina la Simba hawezi kumpanga na yeyote. Kwa upande mwingine, simulizi za wazee, ambazo ndizo zinazobaki, huongezeka chumvi kadiri miaka inavyopita. Njia ya haki ni kuanza na yale yanayothibitika: medali, mwaka, uzito, jina la mpinzani na yale aliyofanya mpinzani huyo baadaye. Kwa kipimo hicho Simba anastahili kutajwa, kwa sababu aliyemzuia asipate dhahabu alikuwa bingwa wa dunia mtarajiwa. Hali kadhalika Michael Yombayomba, aliyeipatia Tanzania medali ya dhahabu ya uzito wa bantam mjini Kuala Lumpur mwaka 1998.

Zama zinapokutana kweli

Mara chache zama mbili hukutana ulingoni kweli, na kwa kawaida mmoja huwa amezeeka. Oktoba 1951 Marciano alimwangusha Joe Louis, mwenye umri wa miaka 37, katika raundi ya nane. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga Ali, mwenye miaka 38, mpaka kona ya Ali ikamzuia asitoke baada ya raundi ya kumi. Nchini Tanzania, Francis Cheka wa Morogoro, aliyezaliwa mwaka 1982, alimshinda Matumla.

Mapambano hayo hayajibu swali la nani alikuwa bora, kwa sababu sharti la kwanza, la kila mtu kuwa katika ubora wake, halikutimia. Yanaonyesha pia kwa nini ni heri swali hili libaki katika mazungumzo. Kijiweni anayeshindwa hupoteza hoja tu. Ulingoni mkongwe anaweza kupoteza afya yake.