Ghala la mgomba liko ardhini

Ikifika Julai, nyasi za vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zimegeuka rangi na mabua ya mahindi yamekauka. Migomba bado ni kijani. Anayepita barabarani atasema mmea huu haujali kiangazi. Mkulima anayeutazama saa saba mchana anajua sivyo: kila jani limejikunja kwenye uti wake, pande mbili zikining'inia, ili jua lilipate kidogo na maji yasipotee.

Mgomba hauna shina la mti. Tunachokiita shina ni maganda ya majani yaliyofungana, moja ndani ya jingine. Likate kwa panga uone vijumba vilivyopangika safu kwa safu, na maji yakichuruzika. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Shina la kweli limefukiwa: ni tunguu, ghala ambamo mgomba huweka wanga unaotokana na sukari ya majani.

Ghala hilo ndilo hulisha watoto. Chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka limeshikamana na tunguu la mama na linakula akiba yake, kwa hiyo halina haraka ya kutanua majani. Lile linalotoa majani mapana lingali dogo lina tunguu hafifu na linajitafutia. Ndiyo maana mabwana shamba hushauri kupanda lile la majani membamba, na kila shina kubaki na mama, binti na mjukuu tu. Wakizidi, akiba haiwatoshi.

Hata mkungu huanza kupangwa mapema. Idadi ya chane huamuliwa ndani ya mgomba miezi kadhaa kabla ua halijachomoza. Ukame ukiukuta wakati huo, mkungu utakuwa mdogo hata mvua ikinyesha vizuri baadaye. Ua likishatoka, majani husukuma sukari kwenye ndizi, nayo hugeuka wanga. Ndizi ya kupika huvunwa wanga ukiwa bado wanga. Ile ya rubisi, pombe ya ndizi, huachwa iive, wanga ugeuke sukari.

Udhaifu wa mgomba uko kwenye mizizi, kwani mingi hutambaa kwenye udongo wa juu. Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, ziko mbali na ziwa na hupata pungufu sana. Huko akiba ya maji ya mgomba wenyewe haitoshi. Lazima udongo nao utunze yake. Wazee waliotandaza nyasi na kumwaga samadi kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, walilijua hilo.

Ghala lina wezi pia. Funza wa fukusi wa migomba hutoboa tunguu na kuacha vichuguu vyeusi; upepo ukivuma, mgomba wenye mkungu huanguka. Mwaka 2006 mkoa wa Kagera ulivamiwa na mnyauko wa bakteria, ambao wakulima huuita unyanjano. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata unakuta kahawia ndani. Bakteria husafiri na panga kutoka shina hadi shina, na wadudu huwabeba kwenye ua dume. Kwa hiyo ua hilo livunjwe kwa kijiti chenye panda, panga lipitishwe motoni kila linapohamia shina jingine, na mgomba wenye dalili ukatwe mapema.

Tunapenda kuupima mgomba kwa mkungu unaopakiwa kwenye lori. Tuupime kwa tunguu. Samadi iingie kabla ya mvua, machipukizi ya ziada yaondolewe, na matandazo yawekwe Mei udongo ukiwa bado na unyevu, yakiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili fukusi wasipate maficho. Matandazo ya Agosti hufunika vumbi tu.