Mtoto akiletewa kontra ya mpira, mama aulize nini?

Jumapili mchana, kila mahali penye televisheni na jenereta, kuanzia Sake hadi Walikale-centre, vijana wanabishana juu ya mpira. Sisi wamama tunapita na mizigo mgongoni, tunasikia makelele, tunaendelea na njia. Lakini kuna ubishi mmoja ambao tunaona ingefaa tutue mzigo na kuusikiliza. Ni ule wa Feisal Salum, kijana wa Zanzibar wanayemwita Fei Toto, na kontra yake na Yanga ya Dar es Salaam. Ulianza Desemba 2022, na mpaka leo ukimtaja mbele ya wapenzi wa mpira, chai inapoa kwenye vikombe.

Mtu atauliza: Yanga ni ya Tanzania, inatuhusu nini? Mwaka ule Yanga ilikuwa karibu ekipi yetu. Fiston Mayele, Yannick Bangala, Djuma Shabani, Jesus Moloko, wote Wakongomani, walikuwa wakicheza pale. Msimu ule Mayele alifunga mabao 17 katika ligi ya Tanzania, na mabao 7 katika Kombe la Shirikisho la CAF, ambamo Yanga ilifika fainali. Ndiyo maana jezi za kijani na njano zilionekana hata kwetu. Feisal alicheza katikati ya kiwanja pamoja na hao vijana wetu. Alikuwa na miaka 24.

Kontra yake ilikuwa bado inaendelea hadi mwisho wa Mei 2024. Lakini karibu na Noeli ya 2022 akaaga, akasema anaondoka. Akaweka katika akonti ya klabu milioni 112 za shilingi za Tanzania, karibu dola 48,000 kwa bei ya wakati ule: milioni 100 za kuvunja kontra, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Tufanye hesabu kama tunavyowafundisha watoto darasani. Milioni 12 ukigawa kwa 3, unapata milioni 4 kwa mwezi, karibu dola 1,700. Kwa mwalimu wa huku ni pesa ambayo hata katika ndoto haiji. Kwa mchezaji anayeanza kila wiki katika klabu kubwa ya Tanzania, wengi waliona ni kidogo.

Yanga ikakataa. Ikasema kontra haivunjwi na mtu mmoja bila kuongea na mwenzake. Januari 2023 kamati ya shirikisho la mpira la Tanzania, TFF, ikaamua kwamba Feisal bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba kesi iangaliwe upya, akashindwa tena. Miezi ikapita, hachezi ligi, anakaa tu, na mguu wa mchezaji usipocheza unasahau haraka.

Hapo mashabiki wakagawanyika. Wamoja wakasema: huyu mtoto hana shukrani, klabu ilimtoa Zanzibar, ikamfanya mtu, sasa anataka kutoroka katikati ya msimu. Wengine wakasema: mbona wageni wanalipwa kumzidi, na yeye ni mwana wa nyumbani? (Kati ya wageni hao walikuwa vijana wetu, kwa hiyo huku kwetu wengine walinyamaza kidogo.) Kisha kukatoka neno upande wa familia yake, kwamba kijana alikuwa anakula ugali na sukari. Ugali ndio huu tunaouita bugari. Tanzania yote ikacheka. Watu wakala ugali na sukari mbele ya kamera kwa mzaha.

Sisi hatukucheka sana. Mzazi akisikia mtoto wake yuko mji wa mbali anakula bugari bila mboga, hana nafasi ya kucheka. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba Feisal alikuwa na haki yote. Aliweka sahihi kwa mkono wake. Kijana anayeacha kazi katikati, akidhani kulipa kunatosha, anajifungia mlango mwenyewe, na ndivyo ilivyotokea. Klabu nayo haikuvunja kontra. Kila mwezi ilikuwa na karatasi mkononi.

Tunachoona ni kwamba mashabiki walibishana sana juu ya mshahara na kidogo tu juu ya miaka. Ila kilichomfunga Feisal ni miaka. Mshahara uliokubaliwa kijana akiwa bado hajulikani ndio huohuo anaoendelea kuupokea akisha kuwa nyota, mpaka tarehe ya mwisho ifike, isipokuwa kama kontra yenyewe inasema utaongezwa. Kontra ndefu inamlinda akivunjika mguu, maana klabu inapaswa kuendelea kumlipa. Akipanda bei, kontra ileile inamzuia. Wamama wa likelemba wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: ukikubali kutoa kiasi kilekile kwa mzunguko mzima, huwezi kuja katikati na kusema bei ya maharagi imepanda.

Mambo ya Feisal yaliisha kwa njia ambayo watoto wetu hawataipata. Tarehe 5 Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwapokea wachezaji wa Yanga ikulu, kwa sababu ya ile fainali, akawaomba viongozi wa klabu wamalize jambo la kijana huyo. Siku chache baadaye klabu zikaelewana, Feisal akaenda Azam FC. Ni mtoto gani wa Nyabiondo au wa Mubi atakayeombewa na rais?

Kwa hiyo tunasema mapema, kabla ya kalamu kushuka kwenye karatasi. Sheria za FIFA zinasema mchezaji ambaye hajafikisha miaka 18 hawezi kufungwa kwa kontra ya zaidi ya miaka 3. Mtu mzima, mwisho ni miaka 5. Mtoto wa chini ya miaka 18 hahamishwi kwenda kuchezea klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi wakihamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Anayekuambia atampeleka mtoto wako wa miaka 15 Kampala au Dubai kucheza, muulize hilo kwanza. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na kwa mtoto mdogo anahitaji mzazi akubali kwa maandishi. Klabu ikikaa miezi miwili bila kulipa mshahara, mchezaji anaweza kuipa siku 15 kwa maandishi, na wasipolipa anaweza kuondoka bila kosa. Walimu wangefurahi kuwa na sheria kama hiyo.

Cheti cha kuzaliwa kina uzito wake hapa. Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na wengi wetu tumekimbia vita mara ngapi, karatasi zikabaki zinaungua nyumbani? Mtoto asiye na cheti, mtu yeyote anaweza kumwandikia umri anaoutaka: wa miaka 16 anakuwa wa 19, na ulinzi wote tuliousema unaondoka. Katika mfuko wa kukimbilia, cheti kiwekwe pamoja na kadi ya chanjo.

Na kwa wasichana wanaocheza, maana wapo na wanapiga mpira vizuri: tangu Januari 2021 FIFA inataka klabu impe mchezaji wake wa kulipwa angalau wiki 14 za uzazi, akiendelea kupokea si chini ya theluthi mbili za mshahara. Bibi zetu wangesikia hayo wasingeamini.

Kwa nini tumeandika haya yote wiki hii? Mmoja wa wamama wa kikundi chetu alileta karatasi kwenye mkutano. Kijana wake ana miaka 16, anacheza upande wa kushoto, ana mbio. Karatasi ni ya kurasa tatu, kwa Kifaransa, na mama alitaka tumsomee. Miaka: mitano. Mahali pa mshahara: vitone tu. Jina la klabu: halikuwapo. Ila kiasi ambacho familia inapaswa kutoa kwa ajili ya dosye kilikuwa kimeandikwa wazi, dola 150, na baba alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wawili.

Tulimsomea mara mbili, polepole, mara ya pili kwa Kiswahili. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja: «Hawa wanamlipa mtoto wangu, ao mimi ndiye ninawalipa?»

Alimpigia yule mtu simu akamwambia arudi na karatasi yenye jina la klabu na mshahara. Mpaka tunaandika, hajarudi. Mbuzi bado wako nyumbani, na kijana anafanya mazoezi kila siku saa kumi jioni, akitoka shuleni.