Pampu ya Zambarau na Majirani Zake

Mimi ni mwalimu wa kemia, mzaliwa wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi. Wanafunzi hawaachi kuniuliza kwa nini maji ya mabwawa, chumvi ikishakolea, hugeuka rangi ya waridi. Nawajibu kuwa ni vijidudu vipendavyo chumvi, na kwamba wekundu wao mwingi ni rangi za jamii ya ile ya karoti. Kisha nawaeleza habari za kimoja kati ya vijidudu hivyo, Halobacterium salinarum.

Maji ya chumvi kali hayashiki oksijeni nyingi. Oksijeni ikipungua na jua likiwaka, kijidudu hiki hutandaza mabaka ya zambarau kwenye utando wa seli yake. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius, huko San Francisco, walitangaza kwamba zambarau hiyo ni protini iliyoshika retinali, iliyo ndugu wa vitamini A na inayotuwezesha nasi kuona. Protini hiyo inaitwa bakteriorodopsini.

Kazi yake ni kusukuma protoni kutoka ndani ya seli kwenda nje. Mwanga ukiipiga, retinali hujipinda, protoni moja hutolewa upande wa nje, nyingine huchukuliwa upande wa ndani, na retinali hujinyoosha tena. Mzunguko mzima huchukua takriban milisekunde 10. Protoni zilizorundikana nje hurudi ndani kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, nishati ya seli. Mwaka 1974 Stoeckenius na Efraim Racker waliweka pampu hii pamoja na kimeng'enya kutoka moyo wa ng'ombe ndani ya vifuko vya mafuta ya soya. Walipowasha taa, ATP ikatengenezwa.

Hapo wanafunzi hudhani somo limekwisha, kumbe utamu uko kwenye utando wenyewe. Kwa uzito, robo tatu ya baka la zambarau ni protini, na robo tu ni lipidi, yaani mafuta ya utando. Protini zimekaa tatu tatu, na makundi hayo ya tatu tatu yamepangana kama vigae vya sakafu, kila protini ikiwa na lipidi zipatazo 10 tu. Mpangilio huo ndio uliowawezesha Richard Henderson na Nigel Unwin, mwaka 1975, kuona kwa hadubini ya elektroni kwamba protini hii ina nguzo saba zilizopenya utando. Henderson alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Je, pampu inawahitaji wenzake? Mwaka 1979 Norbert Dencher na Maarten Heyn walionyesha kuwa hata ikiwa peke yake inasukuma protoni. Lakini kusukuma ni jambo moja, na kusukuma kwa mwendo wake wa asili ni jingine. Ukiosha baka kwa sabuni ya maabara iitwayo Triton, hata kidogo tu, baadhi ya lipidi hutoka na hatua za mzunguko hubadilika mwendo. Ukizirudisha lipidi za asili, mwendo wa awali hurejea.

Majirani nao wana lao. Mwaka 2010 kundi la Toshio Ando, huko Kanazawa, Japani, lilitazama protini hizi zikifanya kazi, kwa hadubini inayopapasa uso wa utando kwa sindano. Lilitumia aina iliyobadilishwa ili mzunguko uende polepole. Waliona kwamba pampu moja ikifunguka, muda itakaokaa wazi huathiriwa na hali ya jirani yake aliye katika kundi jingine la protini tatu.

Kisha kuna umeme. Protoni zikijaa nje, tofauti ya chaji kati ya pande mbili za utando hupanda na kuipinga pampu, nayo hupunguza kasi. Utando ukivuja, pampu hufanya kazi bure, kwa kuwa protoni hurudi bila kutengeneza ATP.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na habari kwamba protini fulani imepimwa kasi yake, usiishie kwenye tarakimu. Uliza ilikuwa ndani ya utando gani, na ilikuwa na nani. Kipimo kisichojibu maswali hayo mawili hakijakamilika.