Kutoka Kushirikishwa hadi Kushiriki: Lugha na Haki ya Mazingira Lurambi

Utangulizi

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii haikutimia Kakamega. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Ardhi waliyoitaka ilikuwa ya wenyeji, tena ilikuwa na kinga ya sheria. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 iliahidi mambo mawili: kwamba kipande kikichukuliwa, wenyeji wangepewa kingine badala yake, na kwamba baraza lao lingeulizwa kwanza. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa. Fidia ya fedha ikatosha mahali pa ardhi, na haja ya kuliuliza baraza ikaondolewa. Katika eneo la Lurambi ya leo, mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi ulipofungwa mwaka 1952. Jina lake lingali jina la mtaa, na dhahabu ingali ikichimbwa huko kwa mikono.

Makala hii inaeleza kazi ya vikundi vya kijamii vinavyotetea haki na mazingira katika eneo kama hili. Hoja yake ni kwamba kazi ya kwanza ya kikundi cha namna hiyo, kabla ya kupanda miche au kwenda mahakamani, ni kazi ya lugha.

Oluyia kama mahali pa kauli

Wenyeji hawakunyamaza. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 kilianzishwa Chama Kikuu cha Kavirondo Kaskazini, ambacho wanachama wake wengi walikuwa vijana waliosoma katika shule za misheni. Hofu ya kupoteza ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokipa nguvu. Chama hicho kinakumbukwa pia kwa jambo la kiisimu: kilieneza jina Abaluyia liwe jina la pamoja la jamii ambazo hapo awali zilijulikana kila moja kwa jina lake.

Jina hilo huhusishwa na oluyia, yaani mahali ambapo wazee wa ukoo walikutana, wakaota moto na kuamua mambo. Kwa hivyo, watu waliojiita Abaluyia walikuwa wanajitambulisha kwa mahali pao pa kusemea, wakati ambapo sheria ilikuwa imewaondolea haki ya kuulizwa.

Sheria na lugha yake

Leo sheria iko upande wa mwananchi zaidi kuliko mwaka 1932. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo, na inaagiza kwamba asilimia 10 ya mrabaha iende kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenyewe ni kama chakula kilichofungiwa ghalani. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mama anayeponda mawe ya dhahabu, kisha akayaosha kwa zebaki bila glavu, hahitaji kuelezwa kwamba kazi ni ngumu. Anahitaji kuelezwa, kwa lugha anayoiota, kwamba mvuke wa zebaki inapochomwa huingia mapafuni na kudhuru mishipa ya fahamu, na kwamba mabaki yake hufika kwenye kijito anachotekea maji.

Waliotunga kanuni walilifahamu jambo hili. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 ziliagiza kwamba matangazo ya mradi yatolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za mahali, na kwamba maoni yanayotolewa mikutanoni yarekodiwe, yawe ya mdomo au ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Mara nyingi ni kikundi cha kijamii kinachohakikisha kwamba agizo la namna hii halibaki kwenye karatasi. Mwanachama mmoja husoma tangazo, mwingine hulifafanua barazani, na wa tatu huandika alichosema mzee ili kisije kikafupishwa kuwa "wakazi waliunga mkono".

Ushirikishwaji au ushiriki?

Mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuongeza hapa. Nchini Kenya hutumika istilahi mbili kwa jambo linalodhaniwa kuwa moja: "ushiriki wa umma" na "ushirikishwaji wa umma". Kimofolojia haziko sawa. Katika "ushiriki" mtendaji ni umma wenyewe. Katika "ushirikishwaji" mna kiambishi cha usababishi na cha utendwa. Yupo mwingine anayeufanya umma ushiriki, na ndiye anayeamua ni lini, wapi na kwa kiasi gani. Mtu anaweza kushirikishwa kwa kuitwa mkutanoni, akapewa soda, akatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria na kurudi nyumbani bila kujua alichokubali.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Imewahi kupimwa mbele ya sheria, mbali na Kakamega. Huko Lamu, muungano wa vikundi vya kijamii uitwao Save Lamu ulipinga mradi wa kampuni ya Amu Power wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mradi huo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Matokeo ya utafiti yalipopatikana, wakazi hawakuelezwa ipasavyo ili watoe maoni yao. Kwa maneno mengine, walikuwa wameshirikishwa, lakini hawakuwa wameshiriki.

Maarifa yaliyomo katika majina

Lugha haimlindi mwenyeji dhidi ya hasara tu. Humhifadhia pia mali yake. Mashariki mwa Lurambi uko Msitu wa Kakamega, mabaki ya msitu wa mvua wa Afrika ya Kati yaliyosalia nchini Kenya. Kando yake kikundi cha wakulima cha Muliru kilianza kulima mmea wa dawa ambao wenyeji huuita mwonyi, jamaa ya mrihani. Mafuta yake hukamuliwa na kutengenezwa dawa ya kujipaka kwa mafua na maumivu, inayouzwa kwa jina Naturub. Mamia ya wakulima, wakiwemo wanawake wengi, wameshiriki katika kilimo hicho, na mwaka 2010 kikundi kilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Maabara zilisaidia kuchunguza mmea huo, lakini mwonyi ulikuwa na jina na matumizi katika Kiluyia kabla ya kufika maabarani. Jina la mti likisahauliwa, aghalabu matumizi yake husahaulika pia, na mti usiojulikana matumizi hauna wa kuutetea unapokatwa ili uwe makaa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mapambano ya haki ya mazingira yana nafasi kwa wanaisimu na wanafasihi, si kwa wanasheria na wanasayansi peke yao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kimo Lurambi, karibu na Rosterman. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta matini ya kufanyia mazoezi hana haja ya kwenda mbali: muhtasari wa ripoti moja ya mazingira, uliotafsiriwa kwa Kiswahili chepesi na kusomwa barazani wiki moja kabla ya mkutano rasmi, ungewapa wakazi muda wa kutafakari maswali yao. Mwaka 1932 wenyeji wa Kakamega hawakuulizwa. Leo wanaulizwa, na kilichobaki ni kuulizwa kwa lugha ambayo mtu anaweza kujibu "hapana" na jibu lake likaandikwa hivyo.