Kucheza kila jioni si kufanya mazoezi

Ukipita viwanja vya mchanga vya Mwananyamala baada ya swala ya Alasiri, utakuta vijana wamekwishagawana timu. Mpira unachezwa hadi adhana ya Magharibi, na kesho yake ni hivyo hivyo. Kila mmoja anamtaja Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyefika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, na wazazi nao huamini kuwa anayecheza kila siku hana budi kuwa hodari. Mbona basi baada ya miaka mitatu wengi bado hawawezi kupiga kwa mguu wa kushoto, na kila mara kifundo kimeteguka?

Mechi na mazoezi ni vitu viwili. Katika mechi ya dakika 90 mchezaji mmoja hukaa na mpira muda mfupi tu kwa jumla. Tena anapoupata hutumia mguu anaouamini, maana hataki kuzomewa. Mguu dhaifu haupati zamu kamwe. Anayetaka kuongeza ujuzi atenge muda kabla ya mechi, hata dakika 20, afanye kile asichokiweza.

Namna ya kuzitumia dakika hizo ndipo wengi wanapopotea. Kijana atapiga penalti hamsini mfululizo kwenye kona ile ile, na mwishowe atajiona ameiva. Wepesi huo haudumu hadi kesho. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Goode na Magill, walifundisha watu namna tatu za kuanzisha mchezo wa vinyoya, ule wa raketi na wavu. Kundi moja lilimaliza namna moja kwanza ndipo likaingia nyingine. Kundi jingine lilizichanganya. Walipopimwa baadaye, waliochanganya ndio waliofanya vizuri zaidi, hata walipohamishiwa upande wa pili wa uwanja. Kwa hiyo kijana apige pasi fupi, kisha ndefu, kisha golini. Kulia, halafu kushoto. Karibu, halafu mbali. Atakosea zaidi, na wenzake watamcheka, lakini ndivyo mwili unavyojifunza kuchagua.

Aidha, kidogo cha kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili. Walimu wa madrasa hawahitaji kuambiwa hili: wanamjua mwanafunzi anayerudia ukurasa wake kila alfajiri, na wanamjua yule anayekesha usiku wa kuamkia mtihani. Huko Uingereza lilichapishwa mwaka 1978 jaribio juu ya watumishi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache kwa jumla kuliko waliojifunza saa nne kwa siku.

Ama kuhusu maumivu yanayowaleta vijana kwetu sisi matabibu, mengi yanaepukika. FIFA ina mpango wa kupasha mwili uitwao 11+, wa dakika kama 20, usiohitaji kifaa zaidi ya mpira: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila goti kuingia ndani. Katika ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa timu zilizoufuata ziliumia pungufu kwa asilimia 41. Mabinti wanaocheza mpira wa pete shuleni wanalihitaji zaidi hilo somo la kutua, kwa kuwa kano za goti la mwanamke huchanika kwa urahisi kuliko za mwanamume.

Kijana akiteguka, desturi ya nyumbani ni maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu. Katika siku mbili tatu za mwanzo jambo hilo huongeza uvimbe. Mkandeni kwa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Mfungeni bandeji ya kuvutika isiyobana mno, na mguu ulale juu ya mto. Asipoweza kukanyaga hatua nne, au akiumia sana mnapobonyeza mfupa wa kifundo, msingoje. Apelekwe hospitali apigwe eksirei.

Kosa linalofuata ni la kurudi uwanjani mara tu maumivu yanapopoa. Kifundo kilichoteguka mara moja ni chepesi kuteguka tena, kwa sababu kimepoteza uwezo wa kujisawazisha, na uwezo huo hurudi kwa mazoezi. Asimame kwa mguu ulioumia kila anapopiga mswaki, asubuhi na usiku, nusu dakika kwa mara moja. Kisha aruke kwa mguu huo huo mbele, nyuma na pembeni, bila maumivu. Akiyumba, bado hajapona. Jioni hiyo awe mwamuzi.